Nafuu ya Santuri

Ukisema hapa Manyamanyama, Bunda, kwamba santuri yako imeharibika, utaulizwa kwanza: santuri ipi? Neno hilo limebeba vitu viwili tangu zamani, sahani yenye muziki na mashine ya kuipigia, na waliolitumia hawakuona tatizo. Anayetaka kutenganisha ana maneno ya kuchagua. Sahani ni sahani. Mashine ina majina kwa rika na kwa mahali. Wazee wa enzi ya kutia ufunguo wanaiita gramafoni. Watu wa pwani waliiita kinanda, jina lililokuwa la ala ya nyuzi, likahamia kwenye ogani ya kanisani, kisha likapewa sanduku linaloimba lenyewe. Sisi tuliokulia kwenye kaseti na mikanda ya video tunasema deki. Deki ina bahati mbaya ya kugawana jina na kazi ya kusugua sakafu, kwa hiyo ukimwambia binti wa nyumbani kwamba deki ya baba haifanyi kazi anaweza kuitazama ndoo. Hata hivyo nitasema deki. Mtu angeweza kubuni "meza zungushi" na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lisingempeleka mahakamani, lakini kwetu meza ni ya kulia ugali, na neno la namna hiyo lingebaki kwenye orodha za istilahi likisubiri mtu wa kulitumia.

Majina ni kazi nyepesi. Kilichonisumbua miezi hii ni vitenzi, na kimeletwa na mwalimu mstaafu anayekaa upande wa pili wa barabara ya Musoma, aliyefundisha sarufi hadi akastaafu na ambaye bado anasahihisha matangazo ya misiba. Deki yake si ya kuchezewa. Ni Linn Sondek LP12, iliyotengenezwa Glasgow, Uskoti, na aliirithi kwa kaka yake aliyefanya kazi huko miaka mingi, pamoja na maboksi ya sahani kubwa. Mashine hiyo iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ina tabia moja iliyoifanya maarufu kuliko sauti yake: kampuni haijaacha kuitengenezea viungo vipya, na karibu vyote vinaingia kwenye mashine ya zamani. Unaweza kubadilisha ekseli, ukabadilisha mota, fremu, mkono, kifuniko cha chini, hadi kinachobaki cha mwaka ulioinunua ni risiti. Mwaka 2023, katika kuadhimisha miaka 50, kampuni ilitoa toleo la mashine 250 tu, lililobuniwa pamoja na Jony Ive, yule wa simu za iPhone, kwa pauni 50,000 kila moja. Kwa hela hiyo hapa Bunda unajenga nyumba, unachimba kisima, na unabakiwa na ya kuingilia harusini.

Kijana wa Mwalimu, ambaye naye yuko Uingereza, alimtumia baba yake orodha ya vitu vinne anavyotaka kumnunulia. Cha kwanza ni Lingo, kisanduku cha kuilisha mota umeme uliopimwa. Cha pili ni Keel, fremu ya ndani iliyochongwa kutoka kwenye bonge moja la alumini. Cha tatu ni mkono mpya. Cha nne ni katriji ya bei mbaya. Juu ya orodha aliandika neno moja la Kiswahili: "Maboresho".

Mwalimu aliniita. Nilipomwamkia aliitikia marahaba haraka haraka, akanipa simu.

"Mura, hebu soma hapo juu. Kuboresha ni kitenzi elekezi. Yambwa yake iko wapi? Anaboresha nini?"

Nilimjibu kwamba anaboresha deki. Akasema deki haijalalamika.

Ni kweli kwamba kuboresha limekuwa neno la ofisi. Linaboresha huduma, mazingira, miundombinu, maslahi. Mahali pekee ninapoona bado lina kazi ya wazi ni kwenye daftari la wapiga kura, kwa sababu pale kila mtu anajua tendo lenyewe: waliofikisha miaka 18 wanaandikwa, waliohama wanahamishiwa taarifa, waliofariki wanafutwa. Ukiuliza "limeboreshwaje?" kuna jibu. Ukiuliza mazingira yameboreshwaje, andaa kiti, utasomewa hotuba.

Watu wa hapa wana neno jingine walilolizoea kwa jambo hilihili, nalo ni kupandisha hadhi. Kituo cha afya cha Manyamanyama kilipandishwa hadhi kikawa hospitali ya mji. Barabara hupandishwa hadhi kutoka ya wilaya kuwa ya mkoa, mji mdogo hupandishwa ukawa halmashauri ya mji. Napenda usemi huu kwa sababu una uaminifu fulani ndani yake: unasema wazi kwamba kilichopanda ni hadhi. Wodi, dawa na wataalamu vina vitenzi vyao, kujengwa, kuletwa, kuajiriwa, na mwananchi anajua kuulizia kimoja kimoja. Hadhi ni kitu halali, sikidharau. Ila deki haina hadhi ya kwake. Hadhi ni ya mwenye deki na ya wageni wanaoiona.

Basi Mwalimu akaamua kufanya alivyofanya darasani. Alilifuta neno la kijana wake, akachukua karatasi, akaandika vile vitu vinne upande mmoja, na mbele ya kila kimoja akaacha nafasi ya kitenzi. Kitakachokosa kitenzi chake, alisema, hakinunuliwi. Nilidhani ni utani wa mstaafu. Siku zilivyokwenda nikaona kwamba sijawahi kukutana na njia nzuri zaidi ya kupima bei ya kifaa.

Katriji ilipata kitenzi upesi: kubadilisha. Katriji ni kile kichwa kidogo mwisho wa mkono, chenye sindano inayotembea kwenye mfereji wa sahani na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Ncha ya sindano ni punje ya almasi. Kwa Kanda yetu ya Ziwa, almasi ni habari ya jirani, mgodi wa Mwadui aliouvumbua John Williamson mwaka 1940 uko Shinyanga hapo, lakini punje hii ni ndogo kiasi kwamba hakuna mchimbaji angeinama kuiokota. Upande mmoja wa sahani kubwa, wa dakika ishirini na kitu, una mfereji unaokaribia nusu kilomita ukiunyoosha, na almasi inautembea wote ikiwa imegandamizwa. Baada ya saa mia tano, au elfu kwa aliyeitunza vizuri, ncha imelika. Kulika ni neno zuri hapa kwa sababu linakwenda pande mbili. Sindano inaliwa na sahani, na ikishaliwa inaanza yenyewe kuila sahani: inakwangua kuta za mfereji, na alichokiimba mtu mwaka 1973 kinaondoka na vumbi. Hiyo hasara hairudishwi na pauni 50,000.

Kwa hiyo sindano ibadilishwe, hakuna ubishi. Ubishi ulikuja kwenye ile ya bei mbaya. Katriji aliyonayo Mwalimu ni ya aina ambayo sindano huchomoka, unaweka nyingine, mwili unabaki. Ile aliyoichagua kijana haichomoki sindano. Ikilika, yote inarudishwa kiwandani au inatupwa. Kwa mtu anayekaa Glasgow na duka liko mtaa wa pili hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Bunda, kitenzi kinageuka kuwa kuagiza, kulipia forodha na kusubiri, na hapo Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "sindano mbili, za ileile".

Mkono ulitaka muda zaidi. Mwalimu alikuwa akisikia herufi za sss na shhh zikichanika kwenye nyimbo za mwisho za kila upande, na kijana alikuwa amemweleza kwamba mkono wa zamani ndio wenye kosa. Kuna sababu nyingine ya kawaida kwanza. Sahani huzunguka kwa kasi moja, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Kwenye sahani kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde, na wa ndani kabisa kwa kama sentimita 21. Sauti ileile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Hapo ndipo kila kosa la kufunga katriji linapojitokeza: ikiwa imepinda kidogo, au uzito haukai sawa, utalisikia mwisho wa upande kabla ya mwanzo.

Tulihitaji mizani ya gramu. Duka la vifaa vya sauti halipo karibu, lakini dhahabu ipo. Mtu anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo wa kule Buhemba alituazima kimizani chake cha betri, baada ya kutuuliza mara mbili kama tuna uhakika kwamba hatujapata jiwe. Tuliweka kibao chembamba juu ya kisahani chake cha chuma, kwa sababu sumaku iliyomo ndani ya katriji huvutwa na chuma na kukudanganya, tukarudisha namba kwenye sifuri, tukashusha sindano juu ya kibao. Katriji ile hutaka gramu 1.75 hivi. Mizani ilisoma 3 na ushee. Kwa miaka yote tangu deki ihame kutoka Uskoti ikiwa kwenye boksi, jiwe la nyuma ya mkono lilikuwa limesogea, na hakuna aliyelipima. Mwalimu akalizungusha polepole kwa vidole viwili, tukapima tena, akalizungusha tena. Baadaye tukainyoosha katriji kwa karatasi yenye mistari. Zile sss zikatulia. Kitenzi cha mkono kikawa kurekebisha, na gharama yake ikawa soda ya mwenye mizani.

Nataka kusimama hapa kwenye kurekebisha, kwa maana wanaouza vifaa vya bei wanalichukia. Lina rika moja na sawazisha, kaza, legeza, nyoosha, safisha. Yote haya ni matendo ya fundi aliyeko, mwenye mikono, na hayaongezi kitu kipya ndani ya nyumba. Kusafisha peke yake kuna thamani kuliko nusu ya orodha ya kijana. Kiangazi cha Bunda, malori yakipita kwenda Sirari na pamba ikiwa imeshavunwa, vumbi halihitaji kufunguliwa mlango. Sahani iliyopanguswa kwa maji safi na kitambaa laini cha pamba, ikakaushwa, ikarudishwa kwenye jalada lake, itakupa tofauti ambayo hata asiyependa muziki anaisikia kutoka jikoni.

Kwenye Keel karatasi ilibaki wazi. Sisemi kwamba haifanyi kazi. Fremu ngumu isiyonesa hushika mkono na ekseli katika umbali uleule, na wenye masikio ya mazoezi, wakiwa na spika zinazostahili, wanaisikia. Lakini tulijaribu kila kitenzi. Kutengeneza? Haijaharibika. Kubadilisha? Haijalika, fremu hailiki. Kurekebisha? Haijakaa vibaya, deki hii inaning'inia juu ya springi tatu, na springi zake tuliziona zinapanda na kushuka bila kuyumba upande, juu ya sakafu ya saruji iliyokaa ardhini. Kilichobaki ni kupandisha, na tulishakubaliana kinachopanda ni nini. Bei yake inazidi ya pikipiki mpya.

Ile Lingo ndiyo niliyokuja nikiwa nimeshaikataa moyoni. Kisanduku cha umeme cha bei kubwa kwa ajili ya mota ndogo inayovuta mkanda! Nilidhani hiyo ndiyo itakayokosa kitenzi kwanza. Ikawa kinyume, na sababu yake iko Bunda, Glasgow haihusiki.

Deki ya Mwalimu ni ya zile za mwanzo, za kabla kampuni haijaanza kuweka saketi ya kioo cha kwazi ndani mwaka 1982. Mota yake inachomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani na inafuata mizunguko ya umeme huo: ikiwa hezi 50 kamili, sahani inakwenda 33⅓ kamili, ikishuka, muziki unashuka nayo. Kwenye gridi iliyotulia hutatambua. Umeme ukikatika na Mwalimu akawasha jenereta yake ndogo, utatambua. Mtu akiwasha pasi chumba cha pili, jenereta inalemewa, mizunguko inapungua, na gitaa la solo linashuka kama mtu anayekaa kitako. Wataalamu wana istilahi mbili kwa makosa ya kasi, moja ya mabadiliko ya polepole na moja ya mabadiliko ya haraka. Kiswahili kinazo zote mbili bila kamati: sauti inayumba, sauti inatetemeka. Mwalimu alikuwa anasema "wimbo unayumba" muda wote, na sisi tukidhani analalamikia bendi.

Kuna la pili. Sahani kubwa za kaka yake ni za jazi ya Marekani na kwaya za Ulaya. Mwalimu anaziheshimu. Anazozipenda ni zake mwenyewe, zile ndogo za inchi saba za mizunguko 45, za enzi ambayo bendi za Tanzania zilikuwa zinarekodiwa kwa mikanda pale Redio Tanzania na zikitaka sahani zinapanda basi kwenda Nairobi. Anazo za Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na, kwa sababu za kimkoa zisizohitaji maelezo, za Mara Jazz na Sensera yao. Deki yake kwa asili ni ya 33⅓. Ili ipige 45 unanyanyua sahani ya chuma, ambayo ni nzito, unatoa mkanda, unavisha pete kwenye puli ili inenepe, unarudisha mkanda, unarudisha chuma. Puli na mkanda ni maneno ya mashine ya kusaga, na fundi yeyote wa mashine hapa angeifanya kazi hiyo akiwa anaongea na simu. Mzee mwenye mgongo mbovu hawezi kuifanya kwa kila wimbo. Kwa hiyo zile inchi saba zimekaa kabatini, na mtu mwenye deki maarufu duniani anaisikiliza Sensera kwenye simu.

Lingo, iliyotoka mwaka 1990, inatengeneza mizunguko yake yenyewe na haijali jenereta inasema nini. Na ina kitufe: bonyeza, 33⅓, bonyeza, 45. Mwalimu alilala na swali hilo, asubuhi akaandika mbele yake: kutibu.

Hapo ndipo nilipoliona neno nililokuwa nalitafuta. Tuna msamiati wa bei wenye akili kuliko tunavyoupa sifa. Rahisi ni isiyo na gharama na pia isiyo na ugumu, na wahenga waliona mtego uliomo, wakasema rahisi huwa ghali. Ila nafuu ndilo linalonivutia. Bei nafuu ni bei inayobebeka. Mgonjwa aliyepata nafuu ni yule ambaye homa imeshuka. Maana zote mbili zinakutana kwenye kupungua kwa mzigo, na zote mbili zinadai kwamba palikuwa na mzigo. Huwezi kupata nafuu kama huumwi. Uzuri unaweza kuongezwa bila mwisho, ndiyo maana maboresho hayana mwisho na kampuni inaweza kuyauza kwa miaka 50. Nafuu ina mpaka: ikipatikana, dawa inaachwa. Kwa wimbo unaoyumba na mgongo unaouma, kile kisanduku cha bei kubwa ni nafuu. Kwa mtu wa Glasgow mwenye umeme uliotulia na sahani za 33⅓ tupu, kitu kilekile ni pambo.

Na kuna maradhi ambayo orodha nzima haigusi. Mwalimu ana sahani chache za baba yake, zilizonunuliwa kwa pesa za pamba, zile nzito za mizunguko 78 zinazovunjika zikianguka. Ni za familia ileile ya sahani ambazo Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Mfereji wake ni mpana, sindano ya sahani za kisasa inazama ndani yake na kuokota taka za chini, na LP12 haina kasi hiyo hata ukiipamba vipi. Hizo zinapigwa kwenye gramafoni ya kutia ufunguo, kwa sindano za chuma zinazotupwa kila baada ya upande mmoja. Pakiti yake ya sindano imebaki nusu. Mwalimu ameanza kuulizia mtu anayesafiri kwenda Mombasa.

Jibu alilomtumia kijana wake nililiona kabla halijaondoka, kwa sababu alitaka niangalie alama za uandishi. Lingo, tuma. Sindano, tuma mbili za ileile, usinunue katriji. Mkono, tumeurekebisha. Keel, acha; hela hiyo kaezeke nyumba ya shangazi yako kule Butiama, bati linavuja. Kijana amejibu akiuliza kama basi anaweza angalau kuongeza mkeka mpya wa kuwekea sahani, wa kitambaa maalumu, una punguzo wiki hii. Mwalimu bado anautafutia kitenzi.